Amri Iliyomnyima Fundi Raha

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya Kajiado wakati programu ya orodha ya mifugo ilikataa kuongea na ile ya kuchapisha vibali. Fundi mgeni, dada anayeishi Kitengela, akaandika amri: mkfifo bomba.

"Nimetengeneza bomba na nikalipatia jina," akatuambia. "Programu moja inamimina huku, ingine inakinga kule."

Akaanza kumimina. Skrini ikatulia tuli.

Fundi wa siku nyingi wa ofisi hiyo akakunja mikono, akatugeukia. "Si mmeona? Ameua mashine."

"Haijakufa, mzee. Inangoja wa kukinga."

Yule dada akafungua dirisha la pili, akaita ile programu ya vibali isome bomba. Printa ikaamka, vibali vikaanza kutoka. Mama mmoja wa Bisil akamshika yule dada mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kimaasai. "Ashe oleng, mama!"

"Hata mimi ningefanya hivyo," akanung'unika yule mzee. Halafu nikamwona akiificha mikono chini ya meza, akiandika amri ile kwenye kiganja, herufi kwa herufi.

Nilimcheka kimoyomoyo, mpaka nikakumbuka vile mimi husoma safu za waandishi wenzangu gazetini: nimenuna, kalamu mkononi, nikinakili mbinu zao.