Gauni la Shangazi Tiketi

Watu wakienda kutembea ugenini hupiga picha za minara na madaraja. Mwenzangu Jicho alipiga picha za mabega. Ninao ushahidi kwenye simu yangu: nimesimama mbele ya sanamu ya shaba, nimejikunjua vizuri, nimetabasamu, lakini kichwa changu hakimo. Katikati ya picha kuna mgongo wa bwana mmoja mpita njia. "Ona mshono wa mgongoni ulivyotulia," Jicho akaniambia, macho yakimwaka kwa furaha. Nikamuuliza nyumbani nitawaambia nini, kwamba nilisafiri bila kichwa?

Chuo chetu kilikuwa kimetupeleka ng'ambo kwa muhula mmoja, yeye akisomea ushonaji, mimi ualimu. Tulipewa chumba kimoja ghorofani, vitanda viwili, meza moja yenye mguu mfupi, na bomba la joto ukutani. Lile bomba tulilipenda kuliko kitu chochote katika nchi ile. Soksi zetu zilikauka juu yake, mkate wetu ulipashwa juu yake, na mimi nilisoma nimeliegemea mpaka Jicho akaanza kuniita mke wa bomba. Kwetu hakuna baridi ya kutisha mtu. Kule tulivaa soksi mbili mbili na bado vidole vilitulilia.

Jina la Jicho alitoka nalo nyumbani. Mama yake ni fundi wa barazani, na hajawahi kumpima mteja kwa futi. Anamtazama akija, anamuuliza habari za watoto, na mteja akifika kwenye kiti vipimo vyote viko kichwani kwa fundi. "Kumzungushia mtu kamba ni kumwambia humjui," ndivyo asemavyo mama huyo, na binti aliyanyonya maneno hayo pamoja na maziwa. Futi aliivaa shingoni kwa sababu chuo kiliamuru. Sikumwona akiitumia ila siku moja, kufungia sanduku langu lililokatika mkanda.

Sasa mtihani. Mwalimu wa ukataji alikuwa mama mwembamba, nadhifu, mwenye kimto cha pini kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono. Aliwaambia wanafunzi wageni kwamba kila mmoja atamshonea vazi mkazi wa mji asiye wa chuo, na siku ya maonyesho mkazi huyo alivae mbele ya watu, naye mwalimu alikague mwilini mwake. Lisipokaa, muhula hauhesabiwi, utarudi kwenu ukarudie mwaka. Jicho hakuwa na mwaka wa kurudia. Mama yake alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti akirudi na cheti watafungua duka lenye mlango na kufuli, na baraza wamwachie paka.

"Ukifeli?" nilimuuliza.

"Paka atanicheka," akasema, lakini aliacha kutafuna mkate.

Mkazi mwenyewe tulimpata kwa ajili ya ukungu. Jumamosi ya kwanza tulikwenda kupanda mnara wa mji, ule unaoonekana kwenye kadi zote za posta. Chini yake pana kibanda cha tiketi chenye dirisha lisilofungika, na ndani yake alikaa mama mnene, mwekundu wa pua, aliyejaza kile kibanda kama unga unavyojaza gunia. Alitutazama tunavyotetemeka, akatikisa kichwa.

"Wanangu, leo mkipanda mtaona ukungu. Rudisheni hela mfukoni. Nendeni makumbusho, leo ni bure, na humo ndani kuna joto."

Muuza tiketi akikukataza kununua tiketi, huyo si muuzaji tena, ni ndugu yako. Palepale tukambatiza jina la Shangazi Tiketi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi tulianzia kwake. Yeye ndiye aliyetutuma kwenye bustani yenye nyumba ya vioo, ambamo Jicho alikataa kutoka kwa sababu kulikuwa na joto la kwetu. Ndiye aliyetuelekeza soko la vitu vya mitumba, na daraja la waenda kwa miguu ambapo vijana hufunga kufuli za mapenzi. Tukirudi alidai habari. Mimi nilisimulia, na Jicho akasimama pembeni, kimya, akimtazama Shangazi anavyoinama kuchukua chenji, anavyonyosha mkono dirishani, anavyogeuka kumfokea njiwa.

Makumbusho ndiyo yaliyonitia aibu. Mlinzi alitufuata chumba hadi chumba, kwa sababu Jicho alikuwa anakaribia mno picha za wafalme. Mbele ya mmoja wao, mzee mwenye ndevu na nishani kifua kizima, alisema kwa sauti, "Huyu fundi wake alimchukia." Mlinzi alijikaza, akajikaza, mwisho akacheka na yeye. Tulicheka watatu hadi wageni wengine wakatunyamazisha. Siku hiyo nilikuwa na furaha mno, na nilijua kwamba nina furaha, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Jicho alipomwambia Shangazi kwamba atamshonea gauni, yule mama aliacha foleni isubiri.

"Mimi? Nije kupimwa lini?"

"Nimeshakupima, Shangazi."

Jicho akanunua kitambaa kizito cha sufu, rangi ya nyanya iliyoiva. Akakata bila kusita. Kwa wiki kadhaa chumba chetu kilikuwa na nyuzi kitandani, nyuzi kwenye chai, nyuzi kwenye daftari la maandalio yangu ya masomo. Gauni lilipokamilika lilitundikwa mlangoni. Lilikuwa zuri. Lilikuwa pana, limesimama, lenye kola ya kufunika shingo na mikono inayojikunja vizuri kwenye kiwiko.

Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya maonyesho, tulimwalika Shangazi kwa chai ili alijaribu. Akaingia, akakaribishwa na lile bomba letu, akasema, "Hee, jamani, kwenu pazuri!" Akavua koti. Chini ya koti kulikuwa na jaketi. Akalivua. Chini ya jaketi kulikuwa na shali, kizibao, sweta, sweta nyingine, na sweta ya marehemu mumewe. Alivua kama mtu anayemenya kitunguu, anazungumza huku anavua, na kila kilichotoka alikirushia kitandani kwangu. Mwisho wake alibaki mama mdogo, mwembamba kama mwiko, anatabasamu.

Nilimtazama Jicho. Rangi ilikuwa imemtoka. Kwetu mtu unayemwona ndiye huyohuyo. Haikumpitia akilini kwamba mwanamke aliyemsoma Jumamosi zote zile alikuwa nusu mtu, nusu sufu.

Alivalishwa gauni. Tungeweza kuingia sote wawili na bado pangebaki nafasi ya mgeni. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Jicho hakucheka. "Nimekwisha," alisema. Akaanza kuokota pini. "Nitalibana. Nitalifumua lote nilikate upya, litakaa."

Shangazi akamshika mkono. Akalivua gauni, akavaa sweta zake moja baada ya nyingine, kisha akalivaa gauni juu yake. Likakaa. Lilikaa mabegani, kifuani, kiunoni, kila mahali, kana kwamba lilizaliwa naye. Akanyosha mkono kama anayetoa tiketi, akainama kama anayeokota chenji.

"Usiliguse," akasema. "Miaka yote nguo zangu nzuri ziko kabatini, maana juu ya sweta haziingii. Hili nitavaa kazini."

"Shangazi, mwalimu anakagua mwili, hakagui sweta. Nitafeli."

Yule mama hakubishana. Kisha akalivua, akalitundika mlangoni mwenyewe. "Basi wewe ndiye fundi," akasema kwa upole, na hapo ndipo alipomvunja Jicho kabisa.

Jioni hiyo Jicho alimpigia mama yake, nami nikasikia kila neno, kwa kuwa mama wa watu huzungumza na simu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Kwanza alicheka. Alicheka hadi akakohoa, akaletewa maji. Kisha akauliza, "Mwenye nguo kasemaje?"

"Kasema lisiguswe."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Mama, na duka je?"

"Duka la fundi asiyemsikiliza mteja litakuwa na wateja gani? Lala, mwanangu."

Kesho yake tulimpelekea Shangazi gauni, halijaguswa. Siku ya maonyesho alikuja mbio kutoka kazini, gauni juu ya sweta, buti miguuni. Ukumbi ulikuwa na joto, naye alitoka jasho kama mkaanga vitumbua. Mwalimu wa ukataji akapita safu kwa safu. Akafika, akatazama, uso ukamng'aa. Akaingiza vidole viwili begani. Akakunja uso.

"Humu ndani kuna nini?"

"Kuna mimi," akajibu Shangazi, "na sweta zangu."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akaamuru sweta zitoke. Nyuma ya pazia zikatoka, na Shangazi alipojitokeza tena gauni lilimwelea, kola ikamfika masikioni. Kicheko kikafa. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya mwenzangu.

"Ulimpima lini?" mwalimu aliuliza.

"Sikumpima," Jicho akasema. Hakuinamisha kichwa. "Nilimtazama dirishani kwake. Nikakosea, sikujua ndani kuna nguo ngapi. Nilipojua ningeweza kulibana. Mwenyewe alikataa, nikamwachia."

"Mwili wangu nauona mimi tu nikioga," Shangazi akadakia. "Mji huu unanijua na sweta."

Mwalimu alilizunguka gauni polepole. Mwishowe akasema kwamba ukumbi ule si mahali pa vazi lile, na kwamba atalikagua linapofanyia kazi.

Alikuja mnarani Jumatatu asubuhi, upepo ukikata masikio, amevaa koti jembamba la kupendeza. Tulikuwa tumesimama kando ya kibanda, Jicho amenishika mkono kwa nguvu hadi ukafa ganzi. Mwalimu akasimama akimtazama Shangazi akiuza, akinyosha mkono, akiinama, akigeuka kumfokea njiwa. Mkono wa gauni haukupanda. Kola haikufunguka. Watalii wawili walimwomba Shangazi picha, wakampa mnara mgongo.

"Umefaulu," mwalimu akasema, meno yakigongana. "Ila kupima utajifunza, hata kwa fimbo."

Jicho alipiga yowe nikaogopa mlinzi wa mnara atakuja. Shangazi akatoka kibandani, akatukumbatia sote pamoja na mwalimu, ambaye hakuzoea. Shangazi alipotuachia, mwalimu hakuondoka. Alijisogeza kwa Jicho, akipuliza vidole.

"Na mimi," akasema chinichini, "kama hili, waweza kunishonea? Nimesimama, nitazame utakavyo."

Jicho akavua futi shingoni.

"Vua koti kwanza, mwalimu."