Noti za Juu Zilipokuwa Zinashuka

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa kitambaa na chupa ya spiriti, akaniambia nisafishe bodi ya redio mpaka aridhike. Aliridhika saa tisa alasiri. Karakana yetu ya redio na vyombo vya muziki ilikuwa mtaa wa Sekei, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, asiyezoea kukosolewa kwa sababu hakukosea mara nyingi.

Biashara ya kuagiza bidhaa nje ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, na vyombo vilivyokwishatumika Ulaya viliingia mjini bila vitabu vya maelekezo. Bendi moja ya hotelini ilipata sinthesaiza mbili, yaani vinanda vya umeme, za viwanda tofauti. Kiongozi wa bendi alitaka ya kwanza iiendeshe ya pili kwa waya, mpigaji akibonyeza noti moja zilie zote mbili.

Mashine zile hazikutumiana namba kama za leo. Zilitumiana volti. Ukipanda oktava moja, yaani ngazi nzima ya noti, kinanda cha mashine ya kwanza kilitoa volti moja zaidi, na mashine ya pili ikapandisha sauti kwa kadiri hiyo. Volti ikipungua kidogo tu, sauti inashuka.

Noti za chini zililingana vizuri. Za juu zilishuka kiasi cha kuudhi. Aliyezilinganisha kabla ya kila onyesho alikuwa mpiga kinanda wao, Anaeli, Mmeru wa Makumira aliyekulia katika kwaya ya Kilutheri. Alisema mashine ina kosa. Kiongozi akamleta karakana pamoja na mashine zote mbili.

Fundi Mkuu alichomoa waya, akapima kinanda kwa mita kwenye oktava ya nne.

"Volti nne kamili. Mashine ni nzima."

"Basi ni sikio lako," kiongozi alimwambia Anaeli.

"Fundi, una hakika?" Anaeli aliuliza.

"Mita haina undugu na mtu."

Kwa neno hilo Anaeli aliondolewa kwenye bendi.

Wiki mbili baadaye mashine zilirudi. Mpigaji mpya alikuwa na malalamiko yale yale. Fundi Mkuu alikuwa ameenda kuswali Ijumaa. Nilipima oktava ile ile bila kuchomoa waya, kwa uvivu tu, na mita haikufika nne. Nikachomoa, ikafika. Nikachomeka, ikashuka. Mashine ya pili ilikuwa ikivuta umeme kidogo kupitia waya, na kinanda hakikuwa na nguvu ya kuhimili, kama bomba linavyopungua presha jirani akifungua lake.

Aliporudi nilimwamkia, kisha nikasema, "Fundi, nimepima waya ukiwa umechomekwa."

Alichukua mita, akapima mwenyewe mara tatu, akaketi.

"Binti, mimi nilipima mashine isiyofanya kazi yoyote," alisema. "Yule kijana nilimwambia nini?"

Tulitengeneza saketi ndogo ya kuipa volti nguvu, tukaiweka kati ya mashine mbili. Asubuhi iliyofuata tulikwenda Makumira. Tulimkuta Anaeli akipalilia migomba. Fundi Mkuu, aliyemzidi sana umri, alisimama shambani akasema, "Nilikosea. Sikio lako lilikuwa sahihi."

Anaeli aliegemea jembe. "Asante, mzee. Ila mimi nilikuwa nimeshaamini kuwa sikio langu ni bovu. Hata kwaya nimeacha."

Alikuja karakana siku ya tatu. Alibonyeza noti ya juu kabisa, akasikiliza, akairudia. Mashine mbili zilikuwa zimelingana kama sauti moja. Kisha akatugeukia.

"Iko sawa?" akatuuliza.

Alirudi kwenye bendi akapiga miaka mingi. Mimi niliendelea na kazi, nikawa mkuu wa karakana, nikafundisha chuoni mpaka nilipostaafu. Wanafunzi niliwafundisha kupima chombo kikiwa kazini, na hilo walilishika upesi. Kinanda cha bendi ile kilichukua alasiri moja kupona. Anaeli, kila alipopita karakana, aliendelea kuniomba nimsikilizie kwanza kama noti zimelingana.