Nimeambiwa uhamisho nikiwa nimeachama

Jamani, leo mume wangu kasubiri niachame ndipo anipe habari!

Taya linanibana wiki nzima, hata ugali nameza tu. Tukaenda hospitali hapa Kasulu. Daktari wa mazoezi ya viungo akanikanda mashavu, kisha akamgeukia mume wangu, ambaye ni mwalimu.

"Mwalimu, jaribu na wewe. Mama, achama, usiongee."

Mume wangu akanikanda taratibu. Raha kweli!

Mara namsikia, "Mama Eliza, nimehamishiwa Buhigwe. Naanza Jumatatu."

"Mama, unakaza taya!" daktari akashtuka.

Nikaitoa mikono ya mume wangu mashavuni. "Na mimi na watoto?"

"Mtakuja nikipata nyumba. Niliogopa kukwambia."

Nyie, tangu turudi nazunguka uani, kukaa siwezi. Yeye yuko jikoni, anachemsha maji anikande tena.

Nimkubalie?