Ndama Aliyelala Kando ya Mama

Je, shangazi alijua? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka mingi, nikiwa darasani, nikiwa safarini, na hasa siku hizi ambapo mimi mwenyewe nimeanza kuchagua kiti kilicho karibu na mlango. Bado sina jibu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mama aliishi Ganako, kwenye mteremko unaotazama msitu wa Ngorongoro, katika nyumba ya udongo aliyoiacha baba. Kwetu sisi Wairaqw, ndama kulala ndani pamoja na watu halikuwa jambo la kushangaza. Baridi ya kule juu huua ndama mchanga, na fisi humaliza kilichobakizwa na baridi. Ndama wa mama alikuwa na mahali pake karibu na kitanda, juu ya nyasi kavu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa mchanga tena. Alikuwa dume mwenye pembe zilizoanza kuchomoza, na bado mama alimwingiza ndani kila jioni, akimfunga karibu zaidi na kitanda kuliko alivyowafunga ndama waliomtangulia.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupangiwa kufundisha shule ya sekondari upande wa Mbulu. Kwa kuwa nilikuwa mtoto pekee aliyesalia, niliona ni wajibu wangu kumtoa mama kwenye udongo. Nilimjengea nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji na dirisha la kioo, na nyuma yake banda imara la ndama. Nyumba ilipokamilika mama aliisifu, akaifagia, akaifunga kwa kufuli, kisha akarudi kulala kule kule kwa zamani.

“Saruji ina baridi,” alisema.

“Nimekuletea mkeka, Aayo.” Aayo ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu.

“Ndama atateleza.”

“Ndama ana banda lake.”

“Basi kalale wewe humo, mwenye nyumba.”

Nililiona hilo kuwa ushupavu wa wazee, nikaliacha lipite.

Shangazi, dada yake baba, aliishi ng’ambo ya shamba, naye na mama walitaniana kama mawifi wanavyopaswa kutaniana. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na kuziba pua kwa pindo la khanga yake mbele ya yeyote aliyekuwepo.

“Wifi! Huyu ndama wako amekunywa Ziwa Manyara lote? Nyumba inanuka kama uwanja wa mnada!”

“Kanuke kwako,” mama alimjibu. “Ndama wangu angalau ananuka maziwa.”

“Maziwa! Tangu lini dume likanuka maziwa?”

Wageni walicheka, wakamgeukia ndama. Hakuna aliyemgeukia mama.

Yapo mambo mengine niliyoyaona bila kuyaelewa. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu, na kila mzazi aliyekuwa na mtoto mwenye mshahara aliomba sukari. Mama aliomba sabuni. Kikombe cha chai alikizungusha mkononi mpaka kikapoa, kisha akakimwaga mlangoni akidhani sioni. Kanisani alihamia benchi la nyuma; baadaye akaacha kwenda kabisa, akisingizia magoti, ingawa magoti hayo hayo yalimpandisha mlimani kutafuta kuni. Katikati ya mazungumzo aliinuka na kwenda nyuma ya nyumba, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kusema.

Katika likizo moja niliamua kwamba ndama ndiye anayemzuia mama kuhama. Nikamtoa, nikamfunga kwenye banda jipya. Mama hakubishana, na kwa kuwa si kawaida yake, ningepaswa kujiuliza. Siku mbili baadaye nilichukua jembe uma na kuingia kuondoa nyasi alizokuwa akilalia. Nilitegemea kukuta samadi iliyokauka. Nyasi za juu zilikuwa zimelowa, na si kwa umande, kwa maana paa halikuvuja. Kutoka kwenye miguu ya kitanda hadi katikati ya malalo ya ndama palikuwa na unyevu mpya, wenye harufu kali ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama. Ndama alikuwa bandani tangu juzi.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa mlangoni.

“Acha, mwanangu. Nitafagia mwenyewe.”

Niliegemeza jembe ukutani na kutoka bila kumtazama. Sikujua mtoto wa kiume anapaswa kusema nini kwa mama yake mahali kama pale. Chuo kilikuwa kimenifunza kuzungumza juu ya ukoloni, bei za mazao na hatima ya bara zima. Hakikunipa sentensi hata moja ya kutumia kwenye mlango ule. Nilichoweza kufanya ni kwenda bandani, kumfungua ndama, na kumrudisha ndani kabla jua halijazama. Mama alipokea kamba kutoka mkononi mwangu.

Asubuhi nilishuka hospitali ya misheni, nikamweleza muuguzi mmoja hali ya “mzee fulani”. Hakuuliza ni nani.

“Ana homa?”

Nikakumbuka mama akijifunika blanketi mchana, na mkono wake uliozoea kushika kiuno.

“Nadhani anayo.”

“Basi mlete, mwalimu. Inawezekana mkojo una vijidudu, na vikipanda kwenye figo utamkosa. Anakunywa maji?”

“Anajizuia.”

“Wengi hujizuia, wakidhani wanaupunguza mkojo. Hapo ndipo unapozidi kuwaunguza. Mlete upesi.”

Jioni mama alikuwa jikoni akimenya ngwara, yale maharage yetu meusi yenye mstari mweupe. Ndama alikuwa amelala nyuma yake. Nikavuta kigoda.

“Aayo, kuhusu ndama.”

“Unamtaka tena bandani?”

“La, alale hapa. Ila nadhani anaumwa. Mkojo wake…”

Akatupa ganda motoni. “Usimsingizie ndama. Ndama ni mzima. Mgonjwa ni mimi.”

Kisha, akiwa amekaza macho kwenye ngwara, akanieleza yote. Ilianza tangu mvua zilizopita. Mkojo ulikuja bila kumwomba ruhusa, na ulipotoka uliunguza kama pilipili. Alikuwa amenunua magome ya miti kwa wafugaji wanaoshuka kutoka upande wa Malambo, akachemsha, akanywa. Akapata nafuu ya siku chache, basi.

“Nikikohoa, umetoka. Nikicheka, umetoka. Shangazi yako ataniua kwa utani wake.”

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, kisha akainuka haraka na kwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi nilimwambia aliyoyasema muuguzi, pamoja na habari ya figo. Sikumficha kwamba niliogopa.

“Kesho lori la ushirika linateremka na mahindi,” nikasema. “Dereva atakukalisha mbele.”

“Nikalowanishe kiti cha mtu? Au unipandishe juu ya magunia, watu wale ugali wenye mkojo wangu?”

“Basi twende kwa miguu.”

“Kwa miguu nitasimama kila kichaka. Njia hii ina macho, baba.” Akiwa na jambo zito aliniita baba. “Kila mlango utauliza: mama mwalimu, una nini? Nikifika hospitali, Ganako nzima itakuwa imeshanitibu.”

“Wakishachoka kuuliza, si wataacha?”

“Wewe utarudi Mbulu. Mimi nitabaki nao.”

Hakutaka kufa, alitaka tu, kama ni lazima kufa, afe akiwa bado mama mwalimu na si yule kikongwe anayenuka. Nililifahamu hilo, na nilifahamu pia kwamba homa haitangoja heshima yake ipate njia. Ndama alihema kwa nguvu na kujigeuza kwenye nyasi. Mama akamtazama kwa muda.

“Kesho si siku ya josho?” akauliza.

Josho la kuogeshea mifugo dhidi ya kupe lilikuwa kwenye barabara ile ile, kabla ya kufika hospitali. Mtu anayevuta ndama haulizwi kwa nini amesimama. Ndama husimama apendapo, hula ukingo wa shamba la watu, hukojoa barabarani, na anayemvuta humngoja.

“Ni kesho,” nikasema.

“Basi utavuta wewe. Na uvae viatu vya matope, siyo hivyo vya kizungu.”

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama alibeba kikapu cha nyasi za ndama, na chini ya nyasi kulikuwa na vitenge viwili vikavu. Tulipofika uani kwa shangazi, alikuwa ameshika ufagio.

“Wifi! Mnampeleka wapi huyo mlevi wa maji?”

“Josho.”

Shangazi alimtazama ndama. Kisha akatazama miguu ya mama, na hapo nami nikaona: alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

“Haya,” alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. “Msimkimbize. Akitaka kusimama, msimame naye.” Akarudi kufagia.

Tulisimama mara nyingi. Kila mama alipogusa mgongo wa ndama nilivuta kamba pembeni, nikageukia msitu, nikangoja. Waliopita walitusalimu na kumcheka mwalimu mwenye digrii anayeshindwa na ndama. Penye josho, mtu mmoja kwenye foleni aliniita, “Mwalimu, mwisho wa mstari ni huku!”

“Tunarudi!” mama alimjibu, wala hakupunguza mwendo.

Nilimfunga ndama kwenye uzio wa hospitali. Muuguzi wa siku iliyotangulia alitoka, akanitazama mimi, akamtazama ndama.

“Mgonjwa ni nani?”

“Mimi,” mama alisema.

Muuguzi akamkalisha kwenye benchi, akamletea kikombe cha bati kilichojaa maji. “Kunywa kwanza, bibi. Halafu utanipa mkojo kidogo tuupime.”

“Huo ninao,” mama alisema. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikaisha.