Saa ya Mkwe na Jicho la Akoth

Kuna siku, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chakula hunishinda, na jana umenilazimisha kuikumbuka. Umenitumia picha ya bomba la kioo lenye gesi, na mipira ya kupitishia maji, ukaandika kwamba unaunda mtambo wa leza wa kukata mbao nyuma ya duka lako huko Homa Bay. Umeandika kwa furaha tele. Mimi sikufurahi. Nilizima simu nikakaa uani nimenuna mpaka mama yako akauliza ni nani amekufa.

Hakufa mtu. Kilichokufa ni jicho la kushoto la shangazi yako Akoth, na wewe umekua ukidhani alizaliwa nalo hivyo, maana ndivyo tulivyowaambia ninyi watoto. Leo nitakuambia ukweli, na ukikukera, ukukere.

Nilikuwa kijana, fundi wa redio na televisheni mjini Migori. Disko moja la Kisumu lilifungwa, na vyombo vyake vikauzwa kama vyuma chakavu. Katika vyuma hivyo nikaona leza ya gesi ya argoni, ile kubwa iliyokuwa ikichora mwanga wa kijani juu ya vichwa vya wachezaji. Watu wawili waliibeba wakitweta. Ukiiwasha inakula stima kama kinu, na bomba lake linapata moto kiasi kwamba maji yasipolizunguka bila kukoma, linapasuka. Nami kijana asiye na mke wala ng'ombe nikasema hii ni yangu. Usiniulize ya nini. Yako angalau ni ya biashara. Mimi nilitaka tu kuuona ule mwanga ukitoka katika mtambo nilioufunga kwa mikono yangu, basi.

Chumba nilichopanga Migori hakikuwa na stima ya kutosha. Lakini nyumbani, karibu na Muhuru Bay, babu yako alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kinu kina stima kubwa, ile ya fezi tatu. Akanipa kibanda kilichokuwa kando ya kinu. Maji yalikuwa ya ziwa, na unayajua maji yetu, mchanga na mwani. Hapo ndipo Akoth alipoingia. Dada yangu alikuwa akishona nguo sokoni, mtu wa mkono mtulivu, asiyependa kitu kinachovuja. Aliinua tangi juu ya mbao, akayachuja maji kwa mchanga na vitambaa, akafunga koki na kipimo cha kuonyesha maji yanavyokwenda. Stima ilikuwa yangu, maji yalikuwa yake. Tuligombana kila siku na kucheka kila siku. Mtambo ulipowaka mara ya kwanza, mwale mwembamba wa kijani ukakivuka kibanda na kugonga tofali, Akoth alipiga vigelegele peke yake hadi wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena wakaja mbio wakidhani amezaliwa mtoto.

Tulikuwa na miwani miwili ya kinga, ya rangi ya chungwa, basi sheria ikawa kwamba asiye na miwani haingii. Tena hakuna saa, pete, bangili wala kijiko humo ndani, kwa sababu mwale ule ukigonga kitu kinachong'aa unaruka, na ukiingia jichoni umeshachoma kabla hujapepesa. Akoth alikuwa akivua hata herini zake. Mimi nilimfukuza rafiki yangu mchuuzi wa samaki wa mbuta kwa matusi kwa sababu ya mkufu shingoni. Kwa rafiki zangu mdomo wangu ulikuwa wembe.

Halafu wakaja wakwe.

Akoth alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mbita, kijana mpole, walipendana kweli. Siku hiyo wazee wa upande wake walikuja kwetu mara ya kwanza. Wewe unatujua sisi na wakwe. Mkwe hapingwi, hakaripiwi, hata kucheka mbele yake unacheka kwa kipimo. Baba yangu alikuwa na furaha mpaka ikamzidi. Chai haijaisha, akamshika mkono Mzee Ondiek, baba wa yule kijana, akamleta kibandani pamoja nami na Akoth.

"Mwonyeshe mzee wetu, jaduong', ule moto wako wa kijani," akaniambia.

Nikamwambia miwani ni miwili tu, mmoja wangu, mmoja wa Akoth, na Akoth lazima asimame penye koki, maji yakilegea apige kelele nizime.

"Akoth atampa mkwe wake. Yeye ameshazoea."

Ameshazoea! Ati jicho linazoea moto. Na yeye baba mwenyewe angesimama mlangoni na kuangalia nje, akaridhika hivyo. Nilimnyoshea Akoth miwani yangu, akaisukuma. "Wewe ndiye unayeutazama mwale," akaninong'oneza. "Mimi natazama kipimo tu, nitaupa mgongo." Akavua yake, akampa mzee kwa mikono miwili, amepiga goti, kama alivyofunzwa.

Mzee Ondiek alikuwa amevaa saa kubwa ya chuma, inang'aa, utadhani ameisugua kwa majivu asubuhi. Nikajikaza. "Mzee, naomba uivue saa, tafadhali."

Na nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu wangu wote. Yule mzee hakukataa. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa ameshaupeleka mkono kwenye mkanda wa saa. Baba yangu ndiye aliyemzuia.

"La, la, mzee, kaa na saa yako. Huyu mtoto ana maneno mengi." Kisha akanigeukia, sauti chini, kwa Kiluo, ile sauti inayokurudisha utotoni. "Ling', nyamaza! Unamvua mkwe nyumbani kwangu? Washa."

Nikawasha.

Mwanga ukatoka, mzuri kama siku zote. Mzee akashangaa, akacheka, akanyosha kidole kuuonyesha, na kifundo cha mkono chenye ile saa kikapita ndani yake, mwale ukaruka. "Kumbe unachoma!" akasema, akauvuta mkono, anacheka bado. Ni wakati huo huo Akoth alikuwa amegeuza kichwa kuniambia maji yako sawa. Nilizima hata sikumbuki nilivyozima.

"Nimeona kijani," Akoth akasema polepole. "Sasa katikati hakuna kitu."

Hakulia. Jicho la namna hiyo haliumi, mwanangu, na hilo ndilo linalotisha. Mzee Ondiek hakusikia, alikuwa ameshatoka nje anamsifu baba kwa kuzaa mwana mwenye akili. Nilimvuta baba pembeni nikamwambia dada ameumia jicho, tumpeleke hospitali sasa hivi. Akamtazama Akoth, akaona jicho lake liko pale pale, safi, halina damu.

"Atakwenda kesho," akasema. "Na nisisikie neno la jicho mezani. Mtamtia mgeni hatia nyumbani kwangu?"

Basi tukala. Nakwambia tulikula! Kuku wa kienyeji, samaki, ugali wa mtama. Na aliyezunguka na birika la kunawisha wageni mikono alikuwa Akoth. Alipofika kwa Mzee Ondiek aliyamwaga maji kando ya beseni, yakamlowesha suruali, na shangazi zetu wakacheka kwamba binti anaona haya mbele ya mkwe. Alicheka nao. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni, nikaitema kiganjani chini ya meza.

Kesho yake daktari wa macho alisema katikati pameungua na hakuna dawa. Akoth akikutazama kwa jicho lile anaona nywele zako na masikio yako, uso haupo.

Hazikupita wiki nyingi wakwe wakatuma mtu. Wamesikia binti ana ugonjwa wa jicho, na pengine ni wa ukoo, na wao wanafikiria wajukuu. Walijitoa katika uchumba kwa adabu nyingi sana. Nikamwambia baba, "Nenda uwaambie! Waambie ni saa yake!"

"Niende nimwambie mkwe kwamba amemharibu mtoto wangu?"

"Si mkwe tena, Baba. Wamejitoa."

Akanifukuza mbele yake. Amekwenda kaburini bila kulisema neno hilo, na yule mzee wa Mbita naye alikufa akijua alitembelea tu nyumba nzuri akala vizuri. Watu huniambia nisamehe. Nimejaribu. Siku nyingine naweza, halafu namwona Akoth akitunga uzi kwenye sindano, kichwa amekigeuza upande kama kuku anayetazama mwewe, na ninarudi pale pale. Yeye hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa nikuambie nini? Sikwambii uuvunje mtambo wako. Ungenidharau, na ungekuwa na haki. Lakini ujue mwale wa leza yako hauonekani kwa macho, kwa hiyo ni mbaya kuliko wangu. Ufungie ndani ya sanduku. Weka swichi inayozima mtambo mfuniko ukifunguliwa, na nyingine inayozima maji yakikoma, na asije mtu akaziunganisha kwa waya zisifanye kazi kwa sababu zinamchelewesha. Hayo yote unaweza kuyasoma bila mimi.

Ambalo hutalisoma popote ni hili. Penye mtambo unaochoma, mkubwa ni yule anayejua unavyochoma, awe na ndevu au asiwe nazo. Sema vua. Sema toka. Liseme kwa sauti, mbele ya mkwe, mbele ya chifu, mbele ya askofu, na wakikunyamazisha, usiwashe. Heshima tuliyokufundisha mimi na mama yako ni nzuri, uende nayo matangani na kanisani, ila mlangoni pa kile kibanda uiache nje. Mimi niliingia nayo, na aliyelipa ni dada yangu.

Mungu akupe ulimi mgumu, mwanangu. Aibariki kazi ya mikono yako, ailete riziki mlangoni kwako, akulindie macho yako na macho ya kila atakayesimama karibu nawe. Na siku nitakapokuja Homa Bay kuutazama huo mtambo, ukaniambia nivue saa nikaanza kukukumbusha kwamba mimi ni baba yako, nifungie nje. Nitanuna, unanijua. Niache ninune huko nje, na huko huko nitakubariki.