Bingwa Aliyelala na Glavu

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni haja ya kulificha hilo. Mke wangu hajawahi kuteseka kwa sababu hiyo, maana wivu wangu haumhusu yeye. Wote uliishia kwenye benchi moja la Kansanga, mtaa wa Kampala, kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na karakana yangu ya kusuka upya waya za mota za umeme, na ulimhusu mzee mmoja mwenye kitambi na ubishi usio na dawa.

Tunamwita Hajji. Ni Mnubi, babu yake aliletwa huku na jeshi la wakoloni, na yeye mwenyewe aliendesha malori mpaka macho yakamwambia basi. Mimi ni Mkenya niliyekuja Kampala kutafuta kazi, nikaipata, nikasahau kurudi. Dini zetu mbili, makabila yetu mawili, hata sukari kwenye chai hatukubaliani. Kilichotuunganisha ni ndondi za uzito wa juu, na humo nako tuligawana. Mimi nilichukua mabingwa wa zamani, yeye akachukua wa leo. Hakuna aliyeruhusiwa kuhama upande wake, hata akishindwa.

Kila siku baada ya chakula cha mchana ulingo ulifunguliwa. Hajji aliivuta chupa kubwa ya chai katikati ya meza, huyo ndiye bingwa wa leo. Mimi niliweka kikombe changu mbele yake.

"Angalia, Fundi," alikuwa akisema. "Hii mtu ya leo iko mrefu kama mlango. Iko na daktari, iko na mpishi. Ile yako ya zamani, mkono hata haifiki kwa kidevu."

"Hajji, huyo mlango wako akifika raundi ya kumi anatafuta kiti. Wangu walipigana raundi kumi na tano, na ile ya mwisho ndiyo walikuwa wanaanza kuchangamka!"

Mama mwenye kibanda alikuwa akituomba tusivunje vyombo. Nikiona nimebanwa, nilitoa silaha ya mwisho, niliyorithi kwa marehemu baba. Baba alisikiliza ndondi kwenye redio kijijini kwetu, na alituambia kwamba kulikuwa na bingwa mmoja aliyelala na glavu mikononi, ili mikono isisahau kazi. Nilipokua nikatambua kwamba baba aliitunga mwenyewe, atutoe kitandani asubuhi. Hakuna gazeti wala redio iliyowahi kuisema. Lakini niliitoa hivyo hivyo, nikiwa nimekaza uso, na Hajji alikuwa na swali lake lile lile la kuijibu, kisha tulicheka mpaka tukapaliwa.

Halafu nikaanguka. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga feni kwenye baa moja, ngazi ikaenda zake, na mimi nikaenda zangu. Mguu ukavunjika, nikalazwa hospitali ya Nsambya.

Hajji alikuja kunitazama akiwa amevaa kanzu safi, na machungwa kwenye mfuko. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni wa harusi. Nilimsubiri aanze. Hakuanza. Basi nikamchokoza mwenyewe.

"Hajji, nimelala hapa nawaza. Huyo bingwa wako wa leo, wazee wangu wangemlaza raundi ya tatu."

"Kweli, Fundi," akasema. "Umesema kweli."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaongeza moto. Nikamwambia bingwa wa leo ni gunia la muhogo lililovalishwa kaptula ya hariri.

"Ndiyo. Iko hivyo tu."

Akaniombea dua, akaenda, na hakurudi tena. Nilimuuliza mke wangu kama kuna jambo ambalo daktari amemwambia yeye na akanificha mimi. Alinicheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyekubishia miaka yote akianza kukukubalia, ujue amekuchoka, ndivyo nilivyoamini. Nyumbani nako nilikaa na plasta yangu, siku baada ya siku, nikisikiliza mlango. Walikuja watu wa kanisani, wakaja wateja kuulizia mota zao. Hajji alituma salamu tu.

Nilipoanza kutembea na magongo nilirudi karakana. Sikuvuka barabara. Niliketi mlangoni nikatazama kibandani, na nilichokiona kilinichoma. Kwenye benchi letu, upande wangu, alikaa kijana mmoja Mganda anayeuza simu na vifuniko vyake kwenye duka la jirani. Chupa ya chai ilikuwa katikati. Kikombe kilikuwa mbele yake. Hajji alikuwa amesimama, mikono juu, anapiga kelele, anapiga meza, na sauti ile ambayo Nsambya hakuileta ilinifikia ng'ambo ya barabara nzima nzima.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilijua msemo huo tangu utotoni, lakini siku hiyo niliumeza kama kidonge bila maji. Nilimchukia yule muuza simu. Nilichukia viatu vyake vyeupe, nilichukia namna alivyopuliza chai. Nilijiambia huyo ana simu, anaweza kumwonyesha Hajji mapambano ya zamani na ya sasa kwa kidole kimoja, na mimi nina nini? Nina redio ya marehemu baba. Siku ya pili nilitazama tena, na ya tatu pia. Nilikuwa nasuka mota ya pampu, na waya niliukata mara mbili kwa hasira.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Nikavuka na magongo yangu. Hajji alikuwa amenipa mgongo, hakuniona. Nikaketi kwenye stuli ya nyuma, na mama mwenye kibanda akataka kuniamkia, nikaweka kidole mdomoni anyamaze.

Muuza simu alikuwa anasema, "Hajji, wazee walipiga laundi kumi na tano. Ya mwisho ndiyo walikuwa wanaanza kuchangamka."

Damu ikanipanda. Hayo ni maneno yangu! Nikashika gongo. Lakini Hajji akamjibu kwa mpishi na daktari, na yule bwana akababaika, akakuna kichwa kama mtoto aliyesahau sala, kisha akasema, "Ndiyo, lakini... kulikuwa na bingwa moja alilala na gravu. Ili mikono isisahau kazi."

Gongo likaniponyoka likaanguka chini.

Baba yangu hakuwahi kufika Kampala. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumfundisha muuza simu maneno yale.

Hajji akageuka. Alinitazama, akatazama gongo, akatazama mguu wangu. "Umepona, Fundi?" akauliza, na sauti ilikuwa ya chini. "Umepona kabisa, ama bado iko mgonjwa?"

"Nimepona. Kwa nini hukuja?"

"Kwetu mgonjwa habishiwi. Ni vibaya, inamzidishia homa. Ile siku Nsambya nilikaza meno mpaka taya iliuma. Gunia ya muhogo! Ningekuja tena, ningekujibu." Akamwonyesha mwenzake kwa kidole. "Sasa ningekaa hapa na nani? Nilifundisha huyu upande yako. Lakini kichwa yake ngumu."

Muuza simu alikuwa amekwisha simama, na sijawahi kumwona mtu anayefurahi kunyang'anywa kiti namna ile. "Kalibu, ssebo, kalibu kiti yako," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda chake. "Mimi ni mtu wa mpira. Hii mzee amenitesa. Nikisema neno tofauti na lako, ananisahihisha."

Nikakaa. Kikombe kilikuwa bado na joto la mkono wake, na hata hapo, nakiri, nilikipangusa kwanza kwa shati ndipo nikakiweka mbele ya chupa. Nilikuwa na hoja nyingi nilizozipanga kitandani, lakini niliziacha zote. Ikatoka ile ya baba tu.

"Alilala na glavu, Hajji. Kila usiku."

Hajji akaivuta chupa karibu, akaegemea meza kwa viwiko vyote viwili, macho yaking'aa kwa machozi.

"Na akitaka kwenda choo," akauliza, "nani alimfungulia suruali?"