Raghad Anatembea Vizuri, Mashaallah

Mama yangu, Bi Masouda, amefanya kazi serikalini miaka thelathini, na hajapata kuogopa meza ya mtu. Jambo moja tu lilimshinda: kumtaja mtoto wa nyumbani kwa upungufu mbele ya watu. Ukimuuliza hali ya mjukuu wake, atakwambia mzima, alhamdulillahi, hata kama mtoto yuko uvunguni amejiziba masikio.

Ndivyo alivyotuponza. Binti yangu Raghad ana miaka tisa na ana usonji. Nilimwombea serikalini gari na mtu wa kumsindikiza, kutoka mtaani kwetu Darsait mpaka kituo chake cha mafunzo mtaa wa Ghubra, kwani siwezi kuendesha na kumshika kwa wakati mmoja. Kituo kilishaniambia kuwa akizidi kukosa, nafasi yake atapewa mwengine. Siku ya mahojiano, ofisa akauliza mtoto ana shida gani njiani. Kabla sijafungua mdomo, mama akadakia, "Mashaallah, anatembea vizuri! Akikimbia humkamati."

Ofisa akaandika hivyo hivyo. Ombi likakataliwa.

Nilinuna wiki nzima, sifichi. Nikakata rufaa, nikamwambia mama safari hii abaki nyumbani. Asubuhi nikamkuta ndani ya gari, amevaa buibui, kashajifunga mkanda.

"Twende, mwanangu. Leo nnajua la kusema."

Sikumwamini hata kidogo.

Tulipokewa na ofisa mwengine, Awadh, kijana anayezungumza Kiswahili cha nyumbani kama sisi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kuwa Raghad anakubali njia moja tu. Nikikata kona asiyoizoea, anapiga kelele, anajifungua mkanda na kuukamata mlango. Miguu yake haina ila yoyote. Hatari ndiyo asiyoiona.

Awadh akapekua faili. "Lakini hapa bibi alisema mtoto hana tatizo."

"Nilimsitiri, mwanangu," mama akasema. "Leo andika nnayokwambia."

Akapandisha mkono wa buibui, akauweka mezani mkono wake wa kulia, uliopinda kidogo kwenye kifundo.

"Mwezi wa Ramadhani, mama yake yuko kazini, nilimchukua kwa teksi. Pale Hamriya njia imefungwa, dereva akageuza. Mtoto akafungua mlango, na gari inakwenda. Nikamdaka kwa mkono huu. Yeye hakuumia."

Awadh aliandika muda mrefu, akapiga mhuri, akasema gari na msindikizaji wataanza Jumapili. Nilimsikia kwa mbali. Mimi mama aliniambia mkono ule aliuvunja kwa kuteleza bafuni. Miezi miwili nilimwogesha na kumkatia nyama sahanini, huku nikimgombeza kwa ajili ya ndara zake.

Nje, nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Usingeniachia tena nitoke naye," akajibu.